Watoto Walionenepa Julai

Siku niliyoagwa kazini wenzangu walinipa saa ya ukutani. Sijui nani aliamua kwamba mtu aliyemaliza kazi anahitaji kujua saa, lakini ni saa nzuri, na mke wangu ameitundika sebuleni mahali ninapoiona vizuri nikichelewa kwenda kumkatia ng'ombe majani. Baadaye vijana wa idara walinijia na ombi lao. Walitaka niandike jinsi mtu anavyoweza kuzeeka katika hesabu za magonjwa hapa Nyeri bila kuwa daktari na bila kuwa mwalimu. Nitajaribu. Mambo ya vyeo nayaacha kwenye faili, maana hayachekeshi.

Nilizaliwa Mathira, si mbali na Karatina, na miaka ya sabini nikaenda chuo kikuu kusomea hisabati. Nyumbani hakuna aliyeelewa ni kazi gani hiyo. Baba aliwaambia majirani kwamba nasomea benki, nami sikumkosoa kwa sababu walianza kunisalimia kwa heshima. Nilipoajiriwa katika kituo cha utafiti wa magonjwa, alitangaza kwamba nimekuwa daktari wa ng'ombe. Hapo alikaribia ukweli kuliko alivyojua.

Siku ya kwanza nilifika na tai shingoni na rula ya kukokotolea mfukoni, ile yenye ulimi unaoteleza katikati. Mkuu wa kitengo alikuwa Daktari Gichuki, mwanabiolojia mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye ndiye aliyenilea katika kazi hii. Aliniuliza kama nawajua kupe. Nikasema nimewaona tangu utotoni.

"Kuona si kuhesabu," akasema. "Toa hiyo tai, twende."

Tulikwenda hadi kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, akanipa sikio la ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa bado ameshikana nalo na hakufurahia mipango yetu. Nilihesabu kupe wote waliokuwa ndani ya sikio, nikamtajia Daktari jibu. Akaniambia nihesabu tena. Nikapata jibu lingine. Nilitegemea kukemewa, lakini alionekana kufurahi sana. Alisema ng'ombe ni yule yule na sikio ni lile lile, namba ndizo mbili, na kwamba kazi yangu yote itaanzia hapo. Niliporudi ofisini viatu vyangu vya chuo kikuu vilikuwa vimekojolewa, na havikuwahi kurudia hali yake.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na vitabu vya logi, karatasi za grafu, na mashine ya kukokotoa ya kuzungushwa kwa mkono kama ile ya kusagia nyama. Kuzidisha namba kubwa kulitoa jasho, na wapita njia waliosikia mlio wake walidhani tumefungua karakana. Daktari alikuwa na sheria moja ambayo niliiona kama ukali tu wa wakubwa. Huruhusiwi kuandika mlinganyo wowote kabla hujachora nukta zako zote kwa penseli, moja baada ya nyingine. Alisema mkono ukichora unachoka, na ukichoka unaanza kuuliza maswali. Leo mna kompyuta zinazochora kabla hujameza mate. Nawaonea wivu kwa moyo wote, lakini bado nawashauri mwaka wa kwanza mtumie penseli.

Kesi yangu ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa matumbwitumbwi katika shule moja ya bweni ya wasichana. Mwalimu mkuu alitaka kujua kama ugonjwa utaisha kabla ya mitihani. Niliandika mlinganyo mzuri sana, nikamwambia alale salama. Juma lililofuata mashavu yalikuwa yamevimba bweni baada ya bweni. Mlinganyo wangu ulidhani wasichana wanachanganyika kama chai na maziwa, kumbe wanachanganyika kama githeri ya mahindi na maharagwe, kila punje inakaa na jirani yake. Waliokuwa wakiambukizana zaidi ni wanakwaya, ambao walifanya mazoezi ya mashindano kila jioni katika chumba kimoja kidogo, midomo wazi. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba tiba ni kusimamisha kwaya.

"Bwana Nderitu," akaniambia kwa uchungu, "mitihani inaweza ngoja. Lakini mashindano iko Jumamosi."

Walikwenda, wakaimba wakiwa wamefungwa leso mataya, na wakashinda. Baadaye tulipata habari kwamba shule iliyoshika nafasi ya pili nayo imeanza kuugua.

Sasa nifike kwenye watoto, maana ndio hasa niliotaka kuwaeleza habari zao.

Miaka ya themanini kulikuwa na mpango wa maziwa ya unga katika zahanati za mkoa wetu. Kila mtoto aliyeletwa kliniki alipimwa uzito kwa mizani ya kuning'inia, na nukta ikawekwa kwenye kadi yake. Kadi ilikuwa na mstari. Mtoto aliye chini ya mstari alipewa mkebe wa maziwa kwenda nao nyumbani, na aliyepanda juu yake aliondolewa ili mwingine apate. Kituo chetu kilipewa kazi ya kukusanya uzito huo wote na kueleza unavyokwenda.

Nilichora nukta zangu kwa penseli kama nilivyofundishwa, na lilitokea wimbi zuri ajabu. Kila mwaka watoto walianza kunenepa mwezi wa Juni, wakafika kilele Julai na Agosti, kisha wakapungua taratibu hadi kwenye jua la Januari na Februari. Daktari Gichuki alilipenda wimbi lile. Alieleza kwamba baada ya mvua ndefu kuna maharagwe mabichi, mahindi mabichi na majani ya ng'ombe, kwa hivyo chakula na maziwa vinakuwa vingi nyumbani. Ilikuwa nadharia yenye akili, na aliitoa mbele ya watu wengi wakamshangilia. Kamati ya mkoa nayo iliisikia. Ikaanza kuzungumzia kusimamisha maziwa kabisa katika miezi ya baridi, kwa kuwa watoto wananenepa wenyewe.

Mimi kitu kimoja kilinisumbua. Nilipochora kila zahanati peke yake, wimbi lilikuwa kubwa kule juu ya mji wa Nyeri karibu na msitu, dogo kidogo Karatina, na nilipofika Sagana kwenye joto likawa karibu tambarare. Sagana na Karatina wanakula mahindi ya soko moja. Nilimwonyesha Daktari, akasema pengine Sagana wana malaria inayowazuia watoto kunenepa. Pengine walikuwa nayo. Niliikunja ile grafu nikaiweka kwenye mkoba, na roho haikutulia.

Asubuhi moja ya Julai nilikwenda zahanati ile ya juu karibu na msitu kuchukua namba za mwezi. Anayeijua Nyeri anaijua Julai yake, ukungu hadi mlangoni na manyunyu yasiyoisha. Muuguzi wa pale alikuwa Sista Akinyi, aliyeletwa kazini kutoka upande wa ziwa, na baridi yetu aliichukulia kama adhabu. Chini ya sare yake alivaa sweta mbili, na aliwahurumia watoto wetu wote kwa kuona hawajavalishwa vya kutosha. Kwa kuwa hakujua Kikuyu, kliniki nzima ilikwenda kwa Kiswahili, kila mtu na chake.

Zamu ilifika ya Mama Wangeci, mchuma kahawa mwembamba aliyekuwa amembeba binti yake mgongoni. Wangeci alikuwa katika maziwa tangu mwanzo wa mwaka. Sista alimtundika kwenye mizani, akasoma, akaweka nukta. Mtoto alikuwa amevuka mstari.

"Pongezi, mama," akasema. "Sasa maziwa tunampatia mwingine."

Mama Wangeci hakuondoka. "Sista, hii mtoto yangu haijanona."

"Mizani inasema amenona."

"Mizani hailali na yeye. Mimi ndio nalala na yeye. Usiku nikimshika nasikia mbavu."

Sista alimwambia kwa upole kwamba sheria ni sheria, kisha akakumbuka kuwa mtoto ana sindano ya chanjo. Sindano ilipaswa kuingia pajani, kwa hivyo paja likaanza kutafutwa. Sista alivuta suruali ya sufu, chini yake kukawa na nyingine, chini ya hiyo soksi ndefu zilizofumwa hadi juu ya magoti, na chini ya soksi kitambaa cha flaneli kilichozungushwa. Alikuwa kama mtu anayemenya kitunguu. Mwishowe mguu ulitoka, na mimi niliyekuwa nimekaa mezani nikiandika namba niliinua kichwa nikauona.

Ulikuwa mwembamba mno. Juu yake kulikuwa na mtoto wa mviringo, mwenye mashavu yaliyosukumwa juu na kola za sweta, na chini mguu ambao haungeweza kuwa wa mtoto huyo. Nilishikwa na baridi isiyokuwa ya Julai. Niliitoa ile grafu kwenye mkoba nikaitazama. Juu msituni wimbi kubwa, Karatina dogo, Sagana hakuna. Hakikuwa chakula wala malaria. Ilikuwa sufu.

Mtauliza jinsi gani watu wenye akili timamu wanaweza kupima sweta kwa miaka na wasijue. Jibu ni kwamba sisi watu wa hapa hatujawahi kumwona mtoto mchanga mwenye shingo. Mtoto kwetu ni kitu cha mviringo kinachotoa pua. Daktari alizaliwa hapa, mimi nilizaliwa hapa, akina mama walizaliwa hapa, na yule mmoja aliyetoka kwingine alikuwa akitetemeka zaidi yetu sote.

Nilimwendea Mama Wangeci. "Mama, tunaweza kumvua nguo tumpime tena?"

"Baridi hii? Unataka anikufie?"

"Ni dakika kidogo tu."

"Wewe toa yako kwanza tuone."

Benchi zima lilinigeukia. Nilivua koti, nikavua sweta, nikasimama na shati mbele ya akina mama wote wa eneo lile, meno yakigongana. Walicheka hadi watoto wakaamka. Mama Wangeci alicheka pia, lakini mtoto hakumvua.

Sista Akinyi alinivuta pembeni. "Si baridi peke yake," akaniambia. "Siku ya kliniki wanavaa kama wanaenda kanisa. Ile mzuri iko juu. Ya ndani ni ile iko. Hakuna mama atakubali benchi yote ione ya ndani."

Nilijisikia mjinga, na nilistahili. Tulifunga kamba ukutani, tukatundika shuka ya zahanati na koti langu, kukawa na pazia. Sista alileta jiko la makaa kutoka jikoni, akaacha dirisha wazi kidogo ili moshi utoke. Kisha akamwita Mama Wangeci nyuma ya pazia, nami nikabaki nje hadi nilipoitwa kusoma mizani. Fulana ya Wangeci ilikuwa imeshonwa juu ya mishono. Hakuna aliyeitaja. Mshale wa mizani ulitoa uzito ulio chini ya mstari wa kadi, mbali kabisa, na Sista akaweka mkono mdomoni.

"Nilisema," akasema Mama Wangeci polepole. Hakuwa amefurahi kushinda.

Sista hakuweza kumrudisha kwenye maziwa papo hapo. Kamati ilikubali upimaji wa aina moja tu kwa zahanati zote, na ilikuwa ikae juma lililofuata kuamua kusimamisha maziwa hadi Oktoba. Alimpa mtoto uji wa zahanati, akamwambia mama arudi. Nilishuka Nyeri nikiwa na hofu ya kweli. Nilijua kwamba kama kamati itapitisha, Wangeci na wenzake wataupita msimu wa baridi wakiwa na sweta tu.

Hofu nyingine ilikuwa Daktari. Nadharia ya mavuno ilikuwa mtoto wake. Nilimwekea grafu mezani, nikamweleza habari ya mguu. Alifuata mistari kwa penseli, kutoka msituni hadi Sagana.

"Kwa hivyo miaka hii yote," akasema hatimaye, "nimekuwa nikieleza mavuno ya sweta."

Akacheka hadi akavua miwani kufuta macho. Sijawahi kumpenda mtu wa kazini kama nilivyompenda saa ile. Kisha akaniambia kamati haitaamini grafu nyingine kutoka kwa watu wale wale walioiletea ile ya kwanza, kwa hivyo niende sokoni nikanunue ushahidi.

Soko la Karatina halijui haraka. Nilipita viazi, nikapita kabichi, nikafika kwa akina mama wa nguo za watoto, nikiwa na mizani ndogo kwapani. Niliomba seti nzima ya mtoto, kama anavyovalishwa siku ya baridi.

"Mtoto ako na miezi ngapi?" akauliza muuzaji, mwanamke mnene aliyekaa juu ya bunda lake la nguo.

"Sinunui kwa miezi. Nataka kujua uzito."

"Ati uzito?" Aliwaita majirani zake waje wasikie. "Huyu mzee anadhani sweta ni viazi."

Niliposhindwa kumweleza kwa mlinganyo nilimweleza habari ya Wangeci. Alisikiliza hadi mwisho, akaacha kucheka, akaanza kuchagua mwenyewe. Suruali mbili, sweta mbili, soksi ndefu, kofia ya kufunga chini ya kidevu, shali. Kila nilipodhani amemaliza aliongeza kingine, akisema mimi mwanaume sijui mtoto anavaa nini. Alikuwa na haki.

Kamati ilikaa Nyeri katika chumba baridi kama pango. Mwenyekiti, afisa mkubwa kutoka Nairobi, aliongoza kikao bila kuvua koti lake zito. Walisema wamesikia hoja ya mavuno, imewaridhisha, na wanataka kupitisha. Daktari Gichuki alisimama.

"Mheshimiwa, hoja ya mavuno ni yangu. Naomba kuiondoa."

Watu waliinua vichwa. Nilitundika mizani ya kliniki kwenye ndoano ya dirisha, nikaanza kuweka nguo za Karatina ndani yake, moja baada ya nyingine. Mshale ulisogea. Niliweka shali mwisho, ukasogea tena. Mwenyekiti alisimama akaja karibu kusoma mwenyewe.

"Na mtoto yuko wapi?"

"Hayupo bado, mzee," nikamjibu. "Hizo ni nguo zake."

Alitazama mshale, akaitazama grafu iliyokuwa ukutani, kisha nikamwona anaangalia koti lake mwenyewe. Aliuliza kama Sagana wanavaa hivi. Nikasema Sagana mtoto anavaa fulana. Hapo hakuhitaji mlinganyo. Maziwa hayakusimamishwa, na zahanati zote za juu zikapewa agizo la kupima watoto bila nguo, nyuma ya pazia, chumba kikiwa na moto. Waliotoka mwisho walituomba tuwaachie seti ile ya nguo. Mmoja wao mkewe alikuwa karibu kujifungua.

Mwaka uliofuata wimbi langu zuri lilikufa. Nilichora nukta zote kwa mkono, zikatoka zikiwa zimenyooka kama barabara ya Kenol, na sikulisikitikia. Nilifanya kazi miaka mingine mingi baada ya hapo. Kompyuta zikaja, tukaijua ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, vizuri zaidi, tukasaidia kupanga chanjo za surua, na Daktari Gichuki akastaafu akafuga nyuki ambao, kwa taarifa yenu, aliwapima. Hayo mtayasoma kwenye ripoti. Acha nirudi zahanati ya juu nimalize.

Nilikuwepo siku Wangeci alipovuka mstari kwa haki. Msimu wa baridi ulikuwa umepita, na nyuma ya pazia alikuwa uchi kabisa, akipiga mateke kwenye mizani na kumpigia Sista kelele. Miguu yake ilikuwa na mikunjo. Sista Akinyi alisoma uzito kwa sauti, kisha akamwangalia mama yake kwa wasiwasi kidogo, kwa sababu ilikuwa lazima amwambie tena kwamba maziwa yamefika mwisho.

"Mama Wangeci, leo amepita kweli kweli. Maziwa tutapatia mwingine."

"Sawa. Pima tena."

"Kwa nini? Nimepima vizuri. Hana hata soksi."

"Najua umepima vizuri," akasema Mama Wangeci. "Nataka kusikia tena."

Sista alimwangalia. Akamtundika mtoto upya, akangoja mshale utulie, akasoma namba ile ile, safari hii kwa sauti ya kufika hadi benchi la nje. Mama Wangeci alikuwa amefumba macho. Akaomba tena, na Sista akapima mara ya tatu, ingawa foleni ilikuwa imefika mlangoni, na hakuna mama hata mmoja aliyelalamika.